Maradhi Yasiyokwisha na Gharama Zake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya ukumbusho wa chama

 



Ni desturi, siku ya ukumbusho wa chama, kuhesabu yaliyokwisha kutendwa: chumba cha madrasa kilichoezekwa, mayatima waliolipiwa ada, maiti waliozikwa kwa heshima wasiwe mzigo kwa jamaa zao. Hesabu hiyo ina haki ya kusomwa, na waliokabidhiwa kazi hiyo wamekwisha kuisoma. Maneno haya yanahusu hesabu nyingine, ambayo ni nadra kuonekana katika daftari la mtunza hazina wa chama, nayo ni hesabu ya mgonjwa asiyepona wala asiyekufa upesi.

Vyama vingi vya Waislamu katika nchi hizi vilizaliwa kwa ajili ya kuzikana na kufaana wakati wa msiba. Mwanachama akifariki alfajiri, kabla ya adhuhuri sanda imekwisha kununuliwa, kaburi limekwisha kuchimbwa, na mchango umekwisha kupitishwa. Akivunjika mguu barabarani, vivyo hivyo watu humkimbilia, kila mmoja na alicho nacho mfukoni. Lakini mwanachama huyo huyo akikosa fedha ya vidonge vya presha vya mwezi mmoja, haendi kwa mtu. Huona haya. Husema moyoni, mwezi ujao, inshallah. Mwezi ujao huja na ada za watoto wa shule, na wa tatu huja na kodi ya nyumba, kisha siku moja chama huitwa kwa jambo kilicholizoea, yaani kununua sanda.

Maradhi yanayosemwa hapa yanajulikana na kila mtu kwa majina: presha, sukari, maradhi ya moyo, pumu, maradhi ya figo. Tofauti yake na homa ya malaria ni kubwa. Malaria humjia mtu kwa kishindo. Hutetemeka, hutapika, jamaa hukusanyika, dawa hutafutwa kwa kila njia, na baada ya siku chache mambo huamuliwa. Presha haina kishindo. Mtu huwa nayo miaka mingi ilhali analima, anauza dukani, na anaswali safu ya kwanza. Dawa yake haimwondolei maradhi bali huyazuia, mfano wa ukuta wa mawe unavyozuia udongo wa mlimani usiporomoke. Ukuta ukiondolewa, udongo haushuki siku ile ile, hungoja mvua. Na mvua ya presha ni kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kufa.

Mwaka 2014 ulifanywa uchunguzi wa afya katika Uganda nzima, watu wakapimwa presha nyumbani mwao. Ikaonekana kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Na katika hao wenye presha, waliokuwa wakijua hali yao hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Basi katika safu ya kwanza ya msikiti wowote mkubwa wa Kampala yaelekea wamo watu kadhaa wenye maradhi haya, na wengi wao hawana habari.

Iko elimu ambayo wengi hawajaisikia jina lake, nayo ni uchumi wa afya. Wenye elimu hii kazi yao si kutoa dawa. Wao huuliza: nani analipa, analipa wakati gani, na malipo yale yanamfanya mgonjwa atende nini? Mtu aweza kudhani kuwa haya ni maswali ya karani wa fedha, asiyemhurumia mtu. Sivyo. Maswali haya ndiyo yanayoamua kama dawa iliyokwisha kutengenezwa, na kuvuka bahari, na kuwekwa juu ya rafu, itaingia kinywani mwa mgonjwa au haitaingia.

Mwaka 1963 mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika makala ambayo wengi huihesabu kuwa msingi wa elimu hii. Moja ya hoja zake ni kwamba haja ya matibabu si kama haja ya chakula na nguo. Chakula mtu anajua kuwa atakihitaji kesho na kesho kutwa. Ugonjwa hajui utamjia lini wala utamgharimu kiasi gani, na kwa hiyo watu hutaka bima, wachangiane kabla ya msiba ili atakayepatwa asizame peke yake. Hoja hii ni ya kweli kwa mfupa uliovunjika. Ama kwa mwenye kisukari, mambo yamegeuka. Yeye anajua kabisa kuwa atahitaji dawa mwezi huu, na mwezi ujao, na kila mwezi mpaka siku ya kufa kwake. Gharama yake imekuwa kama gharama ya unga. Ndiyo sababu wenye bima humwogopa, kama vile ambavyo hapana mtu wa kuikatia bima ya moto nyumba ambayo imekwisha kushika moto. Na chama cha kufaana, bila ya kujua, hufanya vivyo hivyo: humpokea aliyepatwa na ajali, na humwacha nje yule ambaye shida yake haina mwisho.

Ulikuwapo ubishi mrefu kati ya wataalamu. Wengine walisema: matibabu yakiwa ya bure watu watayachezea, watajaza zahanati kwa mafua na kuumwa kichwa, mtozeni mtu kidogo, atatia akili. Wengine wakasema: mkimtoza, fukara ataumia. Kila upande ulisema kwa nguvu, wala hapana aliyekuwa na ushahidi wa kutosha. Mtu aliyeutafuta ushahidi huo alikuwa Joseph Newhouse, mwanauchumi wa taasisi ya utafiti ya RAND iliyoko Santa Monica, California. Kwa fedha za serikali ya Marekani, yeye na wenzake walifanya jaribio lililoanza mwaka 1974 na kwisha mwaka 1982.

Zilichukuliwa nyumba kama 2,750, zenye watu zaidi ya 7,700, kutoka mahali sita, miongoni mwake Seattle, Dayton, na sehemu za majimbo ya Massachusetts na South Carolina. Nyumba hizo ziligawanywa kwa njia ya kura, asiwepo wa kuchagua wala wa kupendelewa. Wengine walitibiwa bure kabisa. Wengine walitozwa asilimia 25 ya gharama, wengine 50, na wengine 95. Lakini kila nyumba iliwekewa kikomo cha malipo kwa mwaka, kulingana na mapato yake, kisichozidi dola 1,000, ili jaribio lisimfukarishe mtu. Wakawekwa hivyo miaka mitatu, na wengine mitano, huku afya zao zikipimwa.

Matokeo yake hayakumfurahisha kikamilifu mtu wa upande wowote, na pengine hiyo ni dalili ya kazi iliyofanywa kwa uaminifu. Waliotozwa asilimia 95 walitumia matibabu pungufu kwa kadiri ya asilimia 30 kuliko waliotibiwa bure. Na kwa wengi wao, waliokuwa wazima na wenye uwezo, afya haikuonekana kuharibika kwa ajili hiyo. Mwenye kupenda kutoza ada akifika hapa hufunga kitabu na kusema, mmeona? Lakini kitabu kina kurasa nyingine. Kwa maskini waliokuwa na presha, wale waliotibiwa bure presha yao ilishuka kuliko ya wenzao waliotozwa. Ilipokadiriwa maana ya tofauti hiyo kwa uhai wa watu, ikaonekana kuwa kati ya wale waliokuwa katika hatari kubwa, matibabu ya bure yalipunguza hatari ya kufa mapema kwa kiasi cha asilimia 10. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1983.

Liko na jambo la pili katika jaribio hilo ambalo linastahili kuangaliwa kuliko hata hilo la kwanza. Watetezi wa ada walitumaini kuwa mgonjwa akitozwa ataacha yale yasiyo na faida na kushika yale yenye faida. Haikuwa hivyo. Alipunguza yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, tiba ya lazima na tiba isiyo ya lazima. Na namna alivyopunguza ni hii: hakufika kwa tabibu akaomba apewe dawa ya bei nafuu, hakwenda kabisa. Akishaingia mlangoni, gharama za tiba yake hazikutofautiana sana na za mwenzake. Basi ada ilifanya kazi yake mlangoni, na mlangoni hapana mtu wa kumwambia mgonjwa ni ugonjwa gani wa kupuuzwa na upi si wa kupuuzwa. Atajuaje? Presha haiumi. Mafua yanauma. Ukimwachia mtu achague kwa kipimo cha maumivu, atanunua dawa ya mafua na kuiacha ya presha.

Faida waliyoipata wenye presha, sehemu yake kubwa ilitokana na jambo dogo sana, nalo ni kupimwa tu, mtu akaambiwa kuwa anayo.

Marekani ni mbali, na mtu wa Uganda ana haki ya kuuliza, nchi ya matajiri inatufundisha nini? Jawabu si la kutafutwa mbali. Katika miaka ya 1990 hospitali na vituo vya afya vya serikali ya Uganda vilikuwa vikitoza ada. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika siku za uchaguzi wa Rais, serikali ilizifuta ada hizo, isipokuwa katika vyumba vya kulipia vya hospitali. Watu wakamiminika, na maskini wakamiminika kuliko matajiri. Waliokuwa wakikaa nyumbani na homa zao wakatoka.

Wakati huo huo, katika Shirika la Afya Duniani mjini Geneva, alikuwako mtaalamu wa uchumi wa afya aitwaye Ke Xu, aliyekuwa akishughulika na swali la namna ya kupima maangamizi ambayo gharama za tiba huyaleta katika nyumba ya mtu. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa uchunguzi wa nchi 59. Kipimo chao ni chepesi kufahamika. Chukua mapato ya nyumba, ondoa kiasi cha lazima cha chakula na kujikimu. Kinachobaki ndicho uwezo wa kulipa. Ikiwa matibabu yamekula asilimia 40 ya kilichobaki au zaidi, hesabu kuwa nyumba ile imepatwa na janga. Kwa mfano, mtu apata shilingi 300,000 kwa mwezi, na kujikimu kwataka 200,000. Zimebaki 100,000. Akilipa 40,000 kwa dawa, amekwisha kuingia katika hesabu ya waliofikwa na janga, ijapokuwa hajalazwa hospitali wala hajapasuliwa, na ijapokuwa jirani zake wanamwona anatembea.

Hapo ndipo inapofaa kusimama kidogo. Watu wa kawaida, wakisikia maneno gharama kubwa, hufikiri juu ya kupasuliwa, au kusafiri hadi India. Lakini kipimo cha Ke Xu hakiangalii ukubwa wa gharama peke yake. Chaiangalia mbele ya uwezo. Maji yakidondoka tone kwa tone kutoka paani hujaza mtungi kama vile yakimiminwa kwa ndoo. Kidonge cha presha, hata kikiwa rahisi, hununuliwa siku 365 za mwaka.

Mwaka 2006 Ke Xu na wenzake, baadhi yao wakiwa wa Uganda, walitangaza uchunguzi wao juu ya kufutwa kwa ada. Walizitazama takwimu za nyumba zilizokusanywa mwaka 1997, mwaka 2000 na mwaka 2003, yaani kabla na baada. Walithibitisha kuwa maskini walitibiwa kwa wingi zaidi, jambo jema lisilo na shaka. Lakini idadi ya nyumba maskini zilizopatwa na janga la gharama haikupungua. Wengi wangelitaraji ipungue, kwani ada imefutwa. Sababu waliyoiona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba mara nyingi dawa hazikuwapo katika vituo vya serikali, na mgonjwa aliyetazamwa bure aliandikiwa karatasi, akaambiwa akanunue dukani. Mlango ulifunguliwa, lakini rafu ilikuwa tupu.

Kwa mwenye malaria, rafu tupu ni taabu ya mara moja. Kwa mwenye sukari ni taabu ya kila mwezi, na kila mwezi humlazimu kufanya safari ya kituoni, kupanga foleni, kurudi na karatasi, kisha kwenda dukani na kulipa. Nauli yake, na siku yake ya kazi iliyopotea, hazimo katika bei ya kidonge, lakini zimetoka katika mfuko ule ule.

Kipimo hiki nacho kina upofu wake, na wataalamu wenyewe wamekwisha kuueleza. Kinamhesabu aliyelipa. Asiyenunua dawa hahesabiwi. Mjane aliyeacha vidonge tangu mwezi wa Rajabu kwa kukosa fedha, katika daftari la mtafiti gharama yake ni sifuri, na nyumba yake huonekana kuwa salama. Basi mtu asidhani kuwa penye kimya pana afya.

Yasije yakadhaniwa pia kuwa fedha ndiyo yote. Mwaka 2011 tabibu mtafiti wa Harvard, Niteesh Choudhry, na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya Marekani kwa watu 5,855 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo. Hao walikuwa watu waliokwisha kuyaona mauti kwa karibu. Nusu moja, kwa kadiri, walipewa dawa za kuzuia shambulio la pili bila malipo yoyote. Wengine waliendelea kulipa sehemu yao kama zamani. Waliolipa, kwa kila aina ya dawa, wasiofika nusu ndio waliotumia dawa kama ilivyotakiwa. Waliopewa bure walizidi kwa asilimia 4 hadi 6 tu. Ni nafuu ya kweli, na jumla ya mashambulio ya moyo na ya mishipa ilipungua kwao. Lakini ni nafuu ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Mtu huacha dawa kwa kusahau, kwa kuchoka, kwa kusikia kwa jirani kuwa zinaharibu figo, kwa kuambiwa na mganga wa mtaani kuwa mizizi yake yatosha, na hata kwa kudhani kuwa kudumu na dawa ni upungufu wa imani.

Hilo la mwisho ni juu ya masheikh kulijibu, wala si juu ya madaktari. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaamrisha watu wajitibu, na alipoulizwa na mwenye ngamia, alimwambia amfunge kwanza kisha ategemee kwa Mwenyezi Mungu. Mwenye kunywa kidonge chake baada ya sala ya alfajiri amemfunga ngamia wake. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe tawakali, amemfungulia mwenzake kamba ya ngamia.

Sasa chama chaweza kufanya nini? Wako waliokwisha kufanya, na mfano wa karibu uko kusini-magharibi mwa nchi hii. Hospitali ya Kisiizi, ambayo ni ya Kanisa la Uganda, ilianzisha mwaka 1996 mpango wa kulipa kabla ya ugonjwa, na haukujengwa juu ya jambo jipya. Ulijengwa juu ya vyama vya vijiji viitwavyo engozi. Engozi ni machela. Kazi ya asili ya vyama hivyo ilikuwa kumbeba mgonjwa begani kumteremsha mlimani, na kuzikana. Yaani vilikuwa ndugu wa vyama vya Waislamu vya kufaana. Hospitali iliviendea na kuviambia, ninyi mmekwisha kuzoea kuchanga kwa ajili ya machela na jeneza. Changeni pia kwa ajili ya tiba. Waislamu hawana haja ya kuona haya kujifunza kwa Wakristo katika jambo hili. Makhalifa wa Baghdad walitibiwa na matabibu Wakristo wa ukoo wa Bukhtishu, na hapana mwanachuoni aliyewatoa makhalifa katika dini kwa sababu hiyo.

Rwanda, jirani, ilianza majaribio ya namna hiyo mwaka 1999 katika wilaya tatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare, ambako nyumba moja ya watu wasiozidi saba ililipa faranga 2,500 kwa mwaka. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Mwaka 2011 michango ikapangwa kwa daraja za uwezo, faranga 2,000 kwa mtu, au 3,000, au 7,000, na walio fukara kabisa wakalipiwa. Na tangu mwaka 2015 mpango umekuwa mikononi mwa bodi ya taifa ya hifadhi ya jamii. Hekima yake iko katika wakati wa kulipa: mkulima hulipa akiwa mzima, si akiwa mlangoni mwa zahanati na homa kichwani.

Lakini Waislamu wanacho chombo chao wenyewe kinachoelekea kuumbwa kwa maradhi yasiyokwisha, nacho wamekiacha kikapata kutu. Chombo hicho ni wakfu. Sadaka ya mkono hutolewa ikaisha. Inafaa kwa shida inayokwisha. Wakfu ni mali iliyofungwa, isiuzwe wala isirithiwe, na pato lake litoke mwaka baada ya mwaka. Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154. Wanahistoria wamesimulia kuwa amiri mmoja aliyeitwa Qalawun aliugua akatibiwa humo, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akawa Sultani wa Misri, na mwaka 1284 akaanza kujenga hospitali kubwa ya Cairo, akaiwekea wakfu wa maduka na mali nyingine, na tajiri na fukara wakatibiwa humo. Angalia alivyofanya: hakutoa mfuko wa dinari akaenda zake. Alitoa kodi ya maduka, inayoingia kila mwezi, kwa wagonjwa wanaoingia kila mwezi.

Chama hakina uwezo wa Sultani, wala hakihitaji. Chumba kimoja cha duka kando ya msikiti, kikiwekwa wakfu kwa ajili ya dawa, kodi yake yaweza kuwanunulia dawa za presha za kawaida watu kadhaa, kwani dawa hizo nyingi ni za zamani na bei yake si kubwa zikinunuliwa kwa jumla. Ama sukari, hasa kwa wenye kuhitaji sindano za insulini, gharama ni nzito zaidi, na ni afadhali kusema kweli tangu mwanzo kuliko kuahidi watu wote kisha kuwaacha katikati. Kuanzisha dawa na kuikata ni madhara.

Zaka nayo ina mlango wake, ila ina masharti. Katika makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya Tauba wamo mafukara, na masikini, na wenye madeni. Mgonjwa aliyekopa dukani kwa ajili ya dawa ni mwenye deni katika jambo la halali, na yafaa deni lake lilipwe kwa zaka, kwa idhini yake. Lakini zaka haki yake ni kumilikishwa mwenyewe anayestahiki. Haifai kuitumia kununulia shehena ya dawa ya watu wote, tajiri na maskini pamoja, wala mshahara wa mwuguzi, kwa kudhani kuwa ni heri tu. Kwa hayo iko wakfu na iko sadaka. Wazee wa fedha walishike hili, kwa maana nia njema imekwisha kuchanganya mifuko mingi.

Liko pia jambo lisilohitaji fedha nyingi, na jaribio la Newhouse limeonyesha uzito wake. Mashine ya kupimia presha yaweza kuwekwa katika chumba cha msikiti siku ya Ijumaa, na akawako muuguzi mmoja kati ya binti au vijana wa jamii waliosomea kazi hiyo, wanaume wakapimwa baada ya sala, na wanawake upande wao. Atakayeonekana presha yake iko juu aelekezwe kituoni akapimwe tena, wala asianze kunywa dawa kwa kipimo cha siku moja.

Na kwa yale aliyoyaona Choudhry, yaani watu kuacha dawa hata zikiwa za bure, dini imekwisha kuweka wajibu wa kumzuru mgonjwa. Watu hudhani mgonjwa ni yule aliyelala. Mwenye sukari aliye dukani kwake naye ni mgonjwa, na kumzuru ni kumwuliza, dawa zako zimebaki ngapi? Swali hilo aulize mtu mmoja aliyeaminiwa, kwa siri, na jina lisitajwe mbele ya mkutano wala lisibandikwe ukutani. Wako watu watakaokubali kufa kabla ya kukubali jina lao lisomwe katika orodha ya wanaosaidiwa.

Daftari la kwanza laweza kuwa na majina kumi, wala hapana ubaya. Liandikwe jina la mtu, dawa yake, siku ya kwisha kwake, kituo anachokwenda, na kama kituo kilikuwa nayo au kilimpa karatasi tu. Hilo la mwisho lisiachwe, kwa sababu baada ya mwaka mmoja chama kitakuwa na hesabu ya miezi mingapi rafu ilikuwa tupu, na wazee wataweza kwenda kwa mkuu wa afya wa wilaya na karatasi mkononi badala ya manung'uniko. Mkutano wa kamati uliopangwa baada ya sherehe hii utaulizwa mambo mawili: ni chumba kipi kati ya vile vinavyopangishwa kitolewe wakfu, na nani atashika daftari.